Nati za kava ya chini zinazunguka bure na bati limechoka, nifanyeje?

Mkorosho: Wakuu, habari za kazi. Hiace ya ruti ya Mtwara–Newala. Kava ya chini ya injini inashikwa na bolti za M6 (unene wa mm 6), zile za spana namba 10. Mbili zinazunguka bure na nati zake, mbili zimeliwa meno, moja tundu limekuwa umbo la yai. Fundi anataka kuzichomelea zote moja kwa moja. Nikubali?

Bati Jembamba: Usikubali. Siku ya kumwaga oili utafungua kwa grenda.

Hayo ni magonjwa matatu, usiyape dawa moja. Anza na zilizoliwa meno: pitisha tapu (kifaa cha kuchonga meno ya ndani) ya M6 x 1.0 yenye oili kidogo. Mara nyingi ni kutu na vumbi tu, meno bado yapo. Tapu ikipita bila kushika kitu, hapo yamekwisha. Usichonge meno mapya kwenye bati lenyewe. Bati la bodi ni kama milimita 0.8, na jino moja la M6 linahitaji milimita 1. Hata jino moja kamili halipatikani.

Weka nati ya riveti, ile yenye kola juu na meno ndani. Ya M6 nyingi zinataka tundu la mm 9, soma pakiti. Toboa kwa hatua: 5, 7, kisha 9. Ukifika 9.5 nati itazunguka na umejiongezea kazi. Ondoa makali, paka praima kwenye ukingo uliobaki mtupu, ndipo uibane.

Mkorosho: Sina mashine ya kubania.

Bati Jembamba: Chukua bolti ngumu ya M6 yenye urefu wa mm 40, ivishe nati ya kawaida, halafu washa mbili zenye grisi katikati. Ifunge ndani ya nati ya riveti mpaka mwisho. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, kaza ile nati ya kawaida dhidi ya washa. Bolti inavutwa juu, nati ya riveti inajikunja nyuma ya bati. Ikiwa nzito ghafla, acha hapo hapo. Ukilazimisha unang'oa meno mapya. Baadaye kava ikaze kwa Nm 8 hivi, spana fupi na nguvu ya kiganja.

Chumvi ya Mikindani: Nyongeza: kwa hewa yetu ya bahari usinunue nati za alumini. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inaliwa yenyewe kwanza. Chukua za chuma zenye zinki, na grisi kwenye bolti.

Hizo mbili zinazozunguka, ni uchomeleaji wa nati umeachia. Saga kichwa cha bolti, mkia na nati vitaanguka ndani ya boksi, yaani uwazi ulio nyuma ya bati. Vivute kwa sumaku, la sivyo utasikia njuga barabara nzima ya Newala. Kisha panua tundu kwa nati ya riveti.

Tundu la yai riveti haitashika. Kata kipande cha bati la mm 2, chomelea nati mgongoni huku bolti ya zamani ikiwa ndani ili meno yasipinde, kisha kishikize kwenye bodi kwa doti nne za kuchomelea. Tumia mashine ya waya. Ile ya fimbo hutoboa bati jembamba. Chomoa waya hasi wa betri kwanza.

Mkorosho: Na bolti ya mkanda wa abiria nayo imelegea. Nati ya riveti hiyo hiyo?

Bati Jembamba: Hapana kabisa! Magari mengi hapo hutumia bolti ya inchi 7/16 yenye meno 20 kwa inchi, na nati yake iko kwenye bamba nene la kuimarisha. Riveti itang'oka siku ya ajali. Kwanza angalia kama mtu hakulazimisha M12 humo. Kama meno yameharibika, bamba lote libadilishwe na fundi bodi, lichomelewe pande zote.

Mkorosho: Nimeikagua sasa hivi. Ni M12.