Sanduku la barua linajaa matangazo kila siku, naombeni ushauri

Mkazi_Houston: Wakuu, msaada tafadhali. Nyumbani kwetu hapa Houston sanduku halipumziki: ofa za kadi za mkopo, katalogi, kuponi, bima. Ukitupa leo, kesho limejaa tena. Nataka yakome kabisa. Nianzie wapi?

Fundi_Bahasha: Anza na ofa za kadi na bima. Ingia optoutprescreen.com au piga 1-888-567-8688. Huduma hiyo ni ya Equifax, Experian, TransUnion na Innovis, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo za watu. Mtandaoni unajitoa kwa miaka 5. Ukitaka kujitoa kwa kudumu, lazima uchapishe fomu, uisaini na kuituma kwa posta. Wengi hukwama hapo, fomu inabaki mezani na ombi halikamiliki. Ofa zitaendelea kuja hadi kama siku 60, maana majina yalishatolewa kabla hujajitoa.

BintiPangani: Katalogi zina tovuti ya Catalog Choice ya kuzikataa, bure, unataja kampuni moja moja. Nakili jina na namba ya mteja kama zilivyo kwenye jalada. Herufi moja ikitofautiana, kwao wewe ni mtu mwingine. Karatasi za "Postal Customer" zisizo na jina usimgombeze mleta barua, zimelipiwa ziachwe kila mlango. Wasiliana na mtangazaji.

Kaka_Mwamba: Bahasha hizo zina jina la nani? Mbona hilo hulisemi?

Mkazi_Houston: Nyingi ni za mzee wetu. Alifariki mwezi wa tatu. Mama ndiye anayefungua sanduku, na akiliona lile jina siku nzima inaharibika. Nimeshaanza kujaza fomu ya posta ya kuhama, barua zake zote ziende kwa mdogo wangu Dallas.

Shangazi_Mkubwa: Poleni sana kwa msiba. Ila mama hafichwi jina la mumewe, mwanangu. Kaa naye mzipitie pamoja.

Fundi_Bahasha: Pole, mkuu. Fomu hiyo iache. Kuhamisha barua za marehemu, posta inataka uende dirishani na uthibitisho kwamba wewe ni msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo peke yake hakitoshi. Halafu fomu ya kuhama kwa kudumu inaingia kwenye orodha ya posta ambayo watumaji wenye anwani ya zamani huitumia kupata mpya. Matangazo yatamfuata mdogo wako Dallas.

Mkazi_Houston: Lakini mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mdogo wangu ameshakubali. Nani atapinga?

BintiPangani: Uzaliwa wa kwanza haukufanyi msimamizi, hilo ni la mahakama. Kwa kuwa mzee aliishi hapo hapo, nyinyi wa nyumbani mnaruhusiwa kufungua barua zake. Fungueni. Ya kodi, pensheni au bima ya maisha ikipotelea njiani ni hasara kwa mama.

Mchunguzi_Huru: Huu uzi umetungwa. Marehemu anapitishwaje kadi ya mkopo?

Kaka_Mwamba: Hata mimi nilianza kushuku aliposema Dallas.

Fundi_Bahasha: Hapana, ni kawaida kabisa. Faili la mikopo linabaki hai mpaka taarifa ya kifo iingizwe. Mwandikie Equifax, Experian au TransUnion, mmoja tu, atawajulisha wawili wengine. Weka nakala ya cheti cha kifo, jina kamili, namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya mwisho, na uthibitisho wa mwombaji kuwa mjane au msimamizi. Kisha msajili mzee kwenye orodha ya marehemu ya DMAchoice, huduma ya watangazaji ya kuondoa majina kwenye barua za matangazo. Barua ya daraja la kwanza usiyoihitaji, bila kuifungua, andika "Deceased, Return to Sender" uirudishe. Yenye alama ya "PRSRT STD", yaani matangazo yanayotumwa kwa wingi kwa nauli nafuu, tupa tu. Kwa kawaida posta hairudishi hiyo, mtumaji hatajua kitu.

Mkazi_Houston: Mchunguzi, baba yangu simtungii uzi. Fundi, cheti halisi au nakala? Na mama ndiye asaini?

Fundi_Bahasha: Nakala. Halisi ibaki nyumbani. Asaini mama.