Mtu mzima na akili zako unaweka kikombe cha chai ya moto juu ya gitaa la mwenzio! Mnamjua, simtaji

MningaMkavu:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kwa yule bwana sasa hivi, hata viatu sijavua.

Simtaji na hamna haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kuharibikiwa spika katika jiji hili la Dar anamjua. Ile kofia. Ile meza ya barabarani yenye amplifaya zilizofumuliwa tangu enzi za Mjerumani na wenyewe wameshakufa wakizisubiri. Yale maneno yake, "bendi zote mjini zimepita mkononi mwangu." Huyo huyo.

AMEWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA GITAA LANGU.

Chai ya moto. Kikombe cha bati. Juu ya klia mpya, ile rangi angavu ya kung'arisha mbao!

Na si gitaa la dukani, wakuu. Ni gitaa la umeme nililolitengeneza mwenyewe, la kwanza maishani mwangu. Bodi ni mninga wa kitanda cha marehemu babu. Kitanda kile kimelaliwa mpaka mbao zikasahau kwamba ziliwahi kuwa mti, na mbao kavu ya namna hiyo huipati popote leo, wanakuuzia iliyokatwa juzi bado inatoa maji. Shingo ni mvule. Ubao wa juu wa shingo, pale vidole vinapokanyaga, ni mpingo. Mnaoujua mpingo mnajua, unazama majini na unakula meno ya msumeno. Huko Ulaya wanautafuta kwa udi na uvumba wachongee klarineti, mimi nimeuchonga barazani kwetu kwa tupa.

Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, sikukisia. Urefu wa uzi kutoka nati, pale nyuzi zinapoegemea mwisho wa shingo, mpaka daraja, pale zinapoegemea kwenye bodi, ni milimita 648. Unagawa kwa 17.817, freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka nati. Kilichobaki unagawa tena, unapata ya pili, unakwenda hivyo hivyo mpaka ya 12 inaangukia 324, nusu kamili. Ukikosea milimita moja tu, gitaa litasema uongo maisha yake yote. Langu halisemi uongo. Pikapu, ile sumaku yenye waya inayonasa sauti ya nyuzi, nimesuka kwa mota ya cherehani ya mama, mizunguko kama 8,000 ya waya wa shaba ambao ukiupumulia tu unakatika.

Halafu mtu anaweka kikombe!

Na rangi ndiyo kazi yenyewe, hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mninga una vitundu, lazima uvizibe kwanza. Sila, msasa, sila, msasa. Klia nimepiga kwa kompresa ya gereji, na hupigi siku yoyote tu unayojisikia. Hewa ikiwa na unyevu, thina inaporuka inaupoza uso, unyevu unatua pale na klia inaota ukungu mweupe. Na Dar hii ndiyo hii, hewa yake unaweza kuifulia nguo. Nimevizia jua la saa saba mchana, napiga mkono mwembamba, naacha, nasubiri jua lingine. Baadaye msasa wa maji, 1000, 1500, 2000, kisha kompaundi kwa kipande cha fulana, mpaka nikaiona balbu ya sebuleni imetulia ndani ya mninga na mishipa ya mbao inapita chini yake. Mama aliita majirani waje waone.

Nimekwenda kwa yule bwana kupima sauti tu kwenye amplifaya yake. Nimemwamkia shikamoo kwa adabu zote. Kasema, "Marahaba, weka hapo." Nikatandika fulana safi mezani, nikalilaza. Nikageuka kutoa waya kwenye begi. Kugeuka tena, kikombe kimekaa juu yake kinafuka moshi, na yeye yuko kwenye simu anamdanganya mteja kwamba yuko njiani.

Nikakinyanyua mimi, maana yeye hata hakujisumbua. Chini yake duara. Duara jeupe, limezama, pale begani kwa juu ambapo jicho linaanzia. Kile kikombe kina pengo ukingoni, na pengo nalo limejichora, ukipitisha ukucha unalisikia.

Nikamwambia, "Mzee, hili ni gitaa." Akalitazama. Akanitazama. Akasema, mbele ya wateja na vijana wake:

"Kumbe gitaa? Mi nilijua kibao cha chapati."

Vijana wake walicheka mpaka mmoja akakumbatia nguzo ya umeme. Kikombe, wakuu. Juu ya kitanda cha babu yangu!

BesiNzito:

Pole sana mkuu. Yule bwana nilimpelekea amplifaya ya besi, akaniambia njoo Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya mwaka gani.

MpigaDebe:

Hii chai.

MningaMkavu:

@MpigaDebe chai ndiyo iliyowekwa juu ya gitaa langu, hujasoma?

MpigaDebe:

Picha au uongo.

MningaMkavu:

[picha] Hiyo hapo. Vuta karibu. Duara lile pale, na pengo la kikombe lile pale. Mtu mzima mwenye mvi!

DadaWaMbagala:

Nimevuta karibu. Samahani kaka yangu, kazi ni nzuri na mbao inang'aa, ila kwa umbo hilo na mimi ningesukumia chapati 😂😂

NyuziSita:

Dada, nimecheka mpaka bosi kanigeukia.

MningaMkavu:

Chekeni. Umbo ni bapa, lenye mkato upande mmoja tu wa shingo, kama yale aliyoanza kuyauza Leo Fender Marekani mwaka 1950. Wanamuziki wa dunia nzima wanapigia magitaa bapa na hakuna aliyewahi kuwawekea kikombe. Yule bwana kaona gitaa bapa maelfu. Alijua. ALIJUA kabisa ni gitaa. Nati iko pale, funguo sita ziko pale, nyuzi ziko pale. Kibao cha chapati gani kina nyuzi?

MzeeWaDansi:

Kijana wangu, usiwasikilize. Brian May wa Queen alianza kutengeneza gitaa lake na baba yake nyumbani mwaka 1963. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahogani ya jiko la zamani la kuotea moto. Springi zilikuwa za vali za pikipiki, na vile vitone vya alama kwenye shingo ni vifungo vya lulu kutoka kwenye sanduku la ushoni la mama yake. Amezunguka nalo dunia nzima. Kitanda cha babu hakina tofauti na jiko lile. Lipige gitaa lako.

MningaMkavu:

Shikamoo mzee wangu. Angalau kuna mtu anaelewa. Ndiyo maana nimeumia. Angenambia sauti mbaya ningekubali tubishane. Hakuligusa hata uzi mmoja! Kikombe tu.

KliaNaThina:

Mimi ni mpiga rangi, nizungumze kidogo. Mleta uzi, hiyo klia ya selulosi hata ikikauka mkononi ndani bado mbichi, inataka kama mwezi hivi ndipo ishike sawasawa. Na hata ikishika, joto linailainisha. Ungepiga ile ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, kikombe kingekaa na kisingeacha kitu. Ila nafuu yako ni hii: selulosi inajiyeyusha yenyewe. Acha ipumzike, piga msasa wa maji pale kwenye duara taratibu, kisha pulizia klia nyepesi yenye thina nyingi. Mpya itashikana na ya zamani iwe kitu kimoja, hutaona mpaka. Ya hadna ingekuacha na alama ya kiraka.

MningaMkavu:

Ahsante mkuu, nitafanya hivyo. Lakini mbona mimi ndiye niongezewe kazi? Niliipiga selulosi kwa sababu ni nyembamba na mbao inaonekana hai ndani yake. Sikuipiga iwe meza ya chai. Aje yeye apige huo msasa!

NyuziSita:

Swali la maana. Linanguruma? Maana ya kujitengenezea yote huwa yananguruma kuliko jenereta.

MningaMkavu:

Halingurumi. Nimetandaza foili ndani ya shimo lote la pikapu na volyumu, nimelehemu waya wa arithi mpaka kwenye daraja. Nimelipima nyumbani kwenye redio kubwa. Limetulia. Na nilitaka kulisikia kwenye amplifaya ya kweli, ndicho kilichonipeleka kwa yule bwana, nikakutana na kikombe.

BesiNzito:

Wakuu, turudi kwenye Jumatatu yangu. Nilipokwenda mara ya mwisho, amplifaya yangu nikaiona kwenye harusi ya mtu Kinondoni. Inafanya kazi vizuri tu! Nimesimama pale na sahani ya pilau naitazama mali yangu inawapigia watu muziki.

ShonaNikuoneshe:

Harusi umeitaja wewe, sasa nisikilizeni mimi. Fundi cherehani wangu. Mnamjua, yule wa pale kona, mwenye futi shingoni hata akilala. Nimempelekea kitambaa cha sare ya harusi ya dada yangu. Kanipima mwenyewe kwa mikono yake. Gauni limekuja, mkono mmoja unafika kiwikoni na mwingine unafika Chalinze.

DadaWaMbagala:

Huyo mimi kanishonea gauni la Idi likawa tayari Idi ilipokwisha. Akaniambia, "Si kuna Idi nyingine?"

MningaMkavu:

Poleni. Ila gauni linafumuliwa. Kikombe cha moto kwenye klia...

ShonaNikuoneshe:

Kaka, tumekuelewa kuhusu kikombe. Mkono unafika CHALINZE.

KliaNaThina:

Mimi kilio changu ni wauza thina. Siku hizi wanaichanganya, unafungua kopo unasikia harufu ya petroli. Unaipiga kwenye gari ya mtu, jioni rangi inajikunja. Nani analaumiwa? Mpiga rangi.

MsomajiKimya:

Nasoma uzi tangu juu. Hivi ile chapati ya mia tano imepotelea wapi? Maana siku hizi ya mia tano ukiinua juu unamuona anayekuuzia.

MpigaDebe:

Nakazia! Huyu wa hapa stendi hasukumi tena, anatandaza kwa vidole, katikati pana tundu, anakwambia ndiyo mtindo mpya.

DadaWaMbagala:

Nyie mnanunua kwa nani? Chapati njema lazima unga ukandwe kwa maji ya uvuguvugu, upumzike, ukunjwe kwa mafuta ndipo usukumwe. Huyo wa stendi anakanda na kuchoma papo hapo, itaacha kuwa ngumu?

MkenyaHalisi:

Huku Nairobi chapo madondo, yaani chapati na maharage, bado iko poa, lakini hata huku wamepunguza saizi. Jamaa anakuuzia tatu ambazo zamani zilikuwa moja.

MpigaDebe:

Wakenya mkianza habari za chapati mnadhani mlizigundua nyinyi.

MkenyaHalisi:

Sisi ndio tunazijua. Nyinyi mnakula na chai tu.

MningaMkavu:

Wakuu, uzi huu ni wa gitaa. Jamani. Mtu aliyeitwa fundi kaweka kikombe.

MzeeWaDansi:

Kijana, njoo na gitaa lako mazoezini kwetu Jumamosi jioni. Amplifaya ipo, na meza ya chai iko chumba kingine. Nitumie ujumbe pembeni.

MningaMkavu:

Nakuja mzee wangu. Nitakuja nalo.

BesiNzito:

Mzee wangu, na mimi naomba kuja. Besi ninayo, ila amplifaya yangu iko harusini.

ShonaNikuoneshe:

@DadaWaMbagala maji ya uvuguvugu au ya moto? Mimi nikikanda zinakuwa ngumu.

DadaWaMbagala:

Uvuguvugu. Na usiongeze unga wakati wa kusukuma, hapo ndipo wengi mnaharibu.

MpigaDebe:

Dada, wewe uko Mbagala ipi? Unauza?