Natumia CPAP (mashine ya kusukuma hewa ili koo lisizibe) kila usiku ila mchana bado nasinzia

Wakuu habari, nina apnea ya usingizi, yaani pumzi inakatika-katika nikilala, mashine naivaa usiku kucha, kukoroma kumeisha na mke wangu anathibitisha, lakini ikifika saa nane mchana macho yanajifunga yenyewe hata nikiwa kwenye kikao. Shida nini?

Jibu: Pole sana mkuu. Cheki kwanza data za mashine, AHI (idadi ya mara pumzi inakatika au kupungua kwa saa) iko chini ya 5? Maski haivuji? Na unalala masaa mangapi, maana ukilala manne tu usingizi utakudai hata mashine iwe nzuri vipi.

Muulizaji: AHI ni 2, nalala masaa saba, maski iko poa.

Jibu: Basi daktari akupime damu, tezi ya thairoidi na upungufu wa damu, sonona nayo inachosha hivyohivyo, na dawa zingine za aleji zinalaza kweli. Vyote vikiwa sawa, kuna watu usingizi unabaki tu hata wakitibiwa vizuri, sio uvivu kabisa, wengine wanaandikiwa modafinil, dawa ya kukufanya uwe macho, ila mashine hawaachi. Na tafadhali usiendeshe gari ukiwa hivyo.