Intel ipasuliwe vipande viwili au iachwe nzima?

Jicho la Soko
Wakuu, salamu. Nalileta hili kwa sababu limenikera muda mrefu. Intel inabuni chipu na inazitengeneza yenyewe. Wenzake wameshaachana na utaratibu huo: Nvidia inabuni tu, AMD inabuni tu, Apple inabuni tu, na wote wanapeleka michoro yao kwenye viwanda vya kampuni ya TSMC kule Taiwan. Intel imeng'ang'ania yote mawili, na mwaka 2024 ikafunga hesabu kwa hasara ya karibu dola bilioni 19. Agosti ya mwaka huo ilipotangaza kupunguza watu 15,000 na kusimamisha gawio, hisa ilishuka asilimia 26 kwa siku moja. Novemba ikaondolewa kwenye Dow Jones, ile orodha ya hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, Nvidia ikakalia kiti chake.

Msimamo wangu: viwanda vitengwe viwe kampuni inayojitegemea. Hakuna mshindani atakayeipelekea Intel siri za mchoro wake huku akijua upande wa pili wa ukuta wamekaa watu wanaotaka kumpiku. Karibuni, tujadili kwa hoja.

Mchanga na Moto
Mleta mada, unashusha homa na ugonjwa unauacha. Umbo la Intel halina kosa, ndilo lililoifanya itawale miaka mingi. Shida ilianza siku wahasibu waliposhika usukani. Kampuni ya Noyce, Moore na Grove, watu walioijua silikoni kwa mikono yao, ikaachiwa watu wa kujumlisha na kutoa. Kati ya 2018 na 2020 walitumia zaidi ya dola bilioni 30 kununua hisa za kampuni yao wenyewe. Hizo ni fedha za viwanda! Mhasibu ukimpa nyumba atang'oa madirisha ayauze, ili robo mwaka ionekane ina faida.

Binti Hesabu
Nilikuwa nasoma na kupita zangu, lakini hilo la madirisha limenifika. Mimi ni mhasibu, huu mwaka wa kumi na mbili.

Tuwekane sawa kaka. Kilichoiangusha Intel ni kizazi cha nanomita 10, yaani teknolojia yao mpya ya kutengeneza chipu. Kilitarajiwa 2016, kikaingia sokoni kwa wingi 2019. Nani alikuwa mkurugenzi mkuu muda mwingi wa kuchelewa huko? Brian Krzanich, mtu wa kemia, aliyeingia Intel mwaka 1982 kama mhandisi na kupanda ngazi kupitia viwandani. Mtu wenu huyo! Bob Swan, mtu wa fedha, alikabidhiwa katikati ya 2018 nyumba ikiwa imeshaanza kuvuja.

Na niwaambie kitu. Mahali fulani nilipofanya kazi tulinunua laini mpya ya uzalishaji. Kwenye kikao cha kufunga mwezi fundi mkuu akaniambia itawaka "wiki mbili zijazo". Nikaandika. Mwezi uliofuata, wiki mbili zijazo. Daftari langu lina "wiki mbili" kumi na moja, moja chini ya nyingine, kwa kalamu ya bluu. Siku mwenye kampuni alipouliza fedha zimekwenda wapi, macho yote yaligeukia kwangu. Kwa hiyo usinifundishe nani anauza madirisha.

Kisu Butu
Dada unatetea chama chako tu. Otellini je, aliyemtangulia Krzanich kwenye ukurugenzi mkuu? Mtu wa uchumi yule. Apple walimfuata awatengenezee chipu ya iPhone, akapiga hesabu, akakataa. Hesabu hiyohiyo unayoitukuza ndiyo iliyoikosesha Intel simu zote za dunia. Na 2006 wakaiuzia Marvell kitengo chao cha chipu za simu, dola milioni 600. Mwaka mmoja kabla ya iPhone!

Binti Hesabu
Kisu Butu, umesoma nusu. Otellini mwenyewe alieleza baadaye: bei waliyotaka Apple ilikuwa chini ya makadirio ya gharama, na makadirio yale ndiyo yaliyokuja kuonekana yamekosewa. Idadi ya simu nayo ilizidi mara mia ile waliyoifikiria. Gharama ya kutengeneza chipu moja anaikadiria nani, karani wa masijala? Inatoka kiwandani.

Mchanga na Moto
Pole kwa daftari lako dada, nasema kwa moyo wote. Lakini zile bilioni 30 umeziruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Nieleze kidogo kuhusu hiyo nanomita 10, maana watu wanaitaja kama jina la ugonjwa bila kujua ni nini. Chipu inachorwa kwa mwanga. Mwanga waliokuwa nao ulikuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 193, na wao wanataka mistari myembamba mara nyingi kuliko hapo. Ni sawa na kuambiwa uchore mstari mwembamba kuliko ncha ya kalamu yako. Inawezekana, ila kwa ujanja: unachora tabaka lilelile mara mbili, mara nne, kila mara ukisogeza kidogo. Kila ukirudia unaongeza nafasi ya kukosea, na mchoro ukihama kwa unywele ulioupasua mara maelfu, chipu imekufa. Intel walitaka kubana transista, zile swichi ndogondogo za ndani ya chipu, mara 2.7 ya kizazi kilichotangulia, kwa kalamu nene ileile. Huo ulikuwa ujasiri wa kihandisi uliopitiliza, nakubali.

Lakini kalamu mpya ilikuwepo njiani! Mashine za EUV za ASML, kampuni ya Uholanzi, zenye mwanga wa nanomita 13.5. Ndani yake matone ya bati yanadondoka 50,000 kwa sekunde, na kila tone linapigwa na leza mara mbili ndipo litoe mwanga huo. Intel wenyewe mwaka 2012 walinunua asilimia 15 ya ASML kusaidia mashine hiyo izaliwe. TSMC wakaanza kuitumia kwenye uzalishaji 2019. Chipu ya kwanza ya Intel iliyochorwa kwa EUV ilitoka Desemba 2023. Walichangia kuchimba kisima, wakawa wa mwisho kuchota. Hilo linaniuma kuliko hasara yoyote ya hisa.

Binti Hesabu
Na uamuzi wa kuchelewa kuchota ulifanywa enzi za Krzanich. Umenisaidia.

Nukta Tatu
Samahani kuingilia. Mleta mada ameuliza kuhusu kugawanya, na kuna jambo halijatajwa. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipochukua karibu asilimia 10 ya Intel, kwa dola bilioni 8.9, ilipewa pia haki ya kununua asilimia 5 nyingine kwa dola 20 kila hisa, ndani ya miaka mitano. Haki hiyo inaamka endapo tu Intel itashuka chini ya asilimia 51 ya umiliki wa biashara yake ya viwanda. Yaani kuuza viwanda kumewekewa adhabu kwenye mkataba. Tukitaka kujadili kupasua, tuanzie hapo.

Mzee Waya
Wanangu, mnagombana mhandisi na mhasibu kana kwamba ni maji na mafuta. Grove alikuwa na shahada ya uzamivu ya uhandisi wa kemikali. Mwaka 1985 Wajapani walikuwa wanawachinja kwenye chipu za kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo bidhaa iliyoijenga Intel. Akamuuliza Moore: tukifukuzwa, akaja mkurugenzi mpya, atafanya nini? Moore akajibu, atatutoa kwenye kumbukumbu. Basi Grove akasema tufanye wenyewe. Huo ni uamuzi wa mtu anayeijua silikoni na anayesoma vitabu vya hesabu bila kufumba macho. Ninyi vijana hamkuwepo, mnasoma vichwa vya habari mnatoka povu.

Na Gelsinger? Aliingia Intel akiwa na miaka 18, akaongoza ubunifu wa chipu ya 486, mhandisi halisi. Aliporudi 2021 kama mkurugenzi mkuu alimwaga fedha Ohio, kiwanda kilichoahidiwa kuanza 2025 kikaja kusogezwa hadi 2030 au 2031. Desemba 2024 akaondoka.

Kisu Butu
Mzee Waya, mimi si mwanao, na sitoki povu. Nina familia na nimesoma. Hujui umri wangu wala kazi yangu. Kama hoja yako inahitaji kunidogosha ndipo isimame, basi haina miguu.

Mzee Waya
"Wanangu" ni neno la heshima kijana.

Kisu Butu
Sasa "kijana"!

Jicho la Soko
Wakuu, turudi kwenye mada. AMD ilikuwa katika hali hiihii. Mwaka 2009 ikatenga viwanda vyake vikawa GlobalFoundries, yenyewe ikabaki na ubunifu. Leo AMD iko wapi? Seva zilizokuwa shamba la Intel peke yake sasa wanagawana.

Mchanga na Moto
Umesimulia nusu inayokufaa. Iliyofufuka ni AMD. GlobalFoundries, vile viwanda vyenyewe, mwaka 2018 ilitangaza kuachana na nanomita 7 na kutoka kwenye mbio za mbele kabisa. Ukikitenga kiwanda bila mteja mkubwa, umekipeleka porini bila maji. Wewe unaangalia hisa, mimi naangalia watu wanaojua kuchora kwa mwanga wa nanomita 13.5. Wakitawanyika hao, hakuna mkurugenzi atakayewakusanya tena.

Jicho la Soko
Usiniwekee maneno mdomoni. Sijasema watu hawana thamani. Nimesema mteja haji kwa sababu haiamini nyumba yenye milango miwili.

Binti Hesabu
Hapa naomba mnisikilize bila kuangalia kazi yangu. Julai 2025 Intel ilisema wazi kwenye taarifa zake: isipopata mteja mkubwa wa nje kwa kizazi cha 14A, inaweza kukisimamisha au kukiacha kabisa. Mashine za kizazi kama hicho ni mabilioni, na chipu za Intel yenyewe hazitoshi kuzilipia. Ugawe usigawe, swali ni nani anatia saini. Septemba 2025 Nvidia waliahidi kuweka dola bilioni 5 ndani ya Intel, kwa dola 23.28 kila hisa. Soko likashangilia. Nilipousoma mpango huo, nilichokiona ni kubuni pamoja, sikuona Nvidia ikihamishia chipu zake kwenye viwanda vya Intel. Rafiki aliyenunua hisa zako na mteja aliyeleta kazi ni watu wawili tofauti, na kila mhasibu anawaandika kurasa tofauti.

Na zile bilioni 30, kaka Mchanga, sikuziruka. Zilikuwa kosa. Nimelisema. Lakini madirisha uyaondoe.

Mchanga na Moto
Hoja ya mteja naipokea yote, umeieleza vizuri kuliko mimi. Madirisha siyaondoi. Nitasema *baadhi* ya wahasibu.

Binti Hesabu
Nami nitasema baadhi ya mafundi. Mara kumi na moja kati ya kumi na moja nilizoandika.

Nukta Tatu
Naweka tena niliyoandika juu kwa sababu hakuna aliyeyajibu: mkataba wa serikali unaiadhibu Intel ikishuka chini ya asilimia 51 ya viwanda.

Jicho la Soko
Nukta Tatu, nisamehe, yalinipita kwenye kelele. Nimeyasoma mara mbili sasa. Kama ni hivyo, nililoanzisha haliwezekani kirahisi kabla ya 2030, labda Intel ipunguze umiliki taratibu na kubakia palepale kwenye 51. Basi nageuza swali: mwenye asilimia 10 akiwa ni serikali ya nchi, na rais aliyemtaka Lip-Bu Tan, mkurugenzi mkuu wa Intel, ajiuzulu wiki mbili tu kabla ya dili hilo, mteja wa nje ataiamini zaidi Intel au kidogo zaidi?

Kisu Butu
Hilo nitalijibu. Lakini bado namngoja Mzee Waya.