Eti Mtakatifu Musa "anatisha watoto"! Mwenye funguo yule apewe kazi ya kuchunga mbuzi

Nimeshuka kwenye pikipiki sasa hivi, mikono bado inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie.

Mwenye funguo wa kanisa lile la Bunyore mnamjua. Msijifanye. Yule wa koti la mvua la kijani, jua liwake lisiwake. Funguo zake zikilia utadhani unaingia jela.

Wa humu wanajua kwamba kila nikisafiri natafuta ikona, ule mchoro mtakatifu wa Waorthodoksi, ya Mtakatifu Musa Mwethiopia. Kaka yangu aliishi kwa wizi miaka mingi, na siku alipouacha, Musa ndiye aliyemshika mkono: mkuu wa genge aliyeishia kuwa mtawa katika jangwa la Sketis, Misri, karne ya 4. Nikifika mji mgeni naulizia kanisa la Waorthodoksi kabla sijaulizia chai. Namkuta Nikolao, namkuta Georgio na farasi wake, namkuta Marko Mwinjilisti. Musa ni kwa bahati. Na hapa ndipo Afrika!

Leo nimetoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri. Kisumu, Luanda, kisha bodaboda kwenye matope. Nimeingia, nimebusu ikona ya mlangoni, nimezipitia nyingine moja moja: Kristo, Yohana Mbatizaji, Mama wa Mungu. Ukuta wa kando nikaona msumari mtupu, na chini yake mraba msafi kuliko ukuta wote. Nikauliza hapo alikuwa nani.

"Yule mweusi? Tulimtoa. Anatisha watoto."

Anatisha watoto! Watoto gani? Watoto wa Bunyore watishwe na mzee mweusi mwenye ndevu nyeupe, babu zao wote wakiwa hivyo hivyo? Na anayenena hayo, yeye na mimi na Musa rangi ni moja!

Akanipeleka stoo. Musa yuko nyuma ya gunia la mahindi, kichwa chini. Kichwa chini, jameni. Nikamwambia, baba, huyu ni mtakatifu, sikukuu yake ni Agosti 28. Akacheka. Akarudia polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: a-na-ti-sha wa-to-to.

Musa alipovikwa nguo nyeupe ya utumishi, makasisi walimfukuza patakatifuni: toka nje, wewe mweusi. Akatoka kimya. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na wale walitumwa na askofu kumpima unyenyekevu. Huyu wa koti la kijani katumwa na nani? Wezi 4 walipomvamia Musa chumbani mwake aliwafunga wote, akawabeba mgongoni kama gunia la majani mpaka kanisani. Leo yeye ndiye yuko nyuma ya gunia.

Anatisha watoto. Sijala tangu asubuhi.

JaKondele: Pole nyaminwa. Huyo mzee namjua. Alinizuia mlangoni siku ya mazishi ya mjomba, eti kandambili zangu zina kelele.

Mtu_wa_Molo: Nakuru mpaka Bunyore kuangalia picha?? Mimi nikitumwa Gilgil naaga ukoo mzima 😂😂

Mwenye uzi: Si picha, ni ikona. Na alikuwa kichwa chini.

KapuLaMchanga: Dada, si ni Musa huyu aliyeitwa kumhukumu mtawa mwenzake, akaenda na kapu lililotoboka, mchanga ukimwagika nyuma yake? Akasema dhambi zangu zinamwagika nyuma sizioni, nami nimekuja kumhukumu mwingine. Wewe umekuja na kapu gani hapa?

Mwenye uzi: Langu limetoboka, sikatai. Ikona irudi msumarini kwanza. Mtu anasimama mbele ya mtakatifu na kusema ANATISHA WATOTO?

Mwalimu_Mbale: Afadhali wenu yuko stoo. Kwetu fundi alipaka ikona zote vanishi ya milango, eti zing'ae. Ukibusu mdomo unabaki pale.

JaKondele: 😂😂😂 vanishi!

Binti_wa_Sondu: Nyinyi mnalilia ikona, mimi leo nimelipishwa nauli mara mbili kati ya Kericho na Ahero. Makanga yule mnamjua.

Mtu_wa_Molo: Wa marvini nyekundu?

Binti_wa_Sondu: HUYO HUYO.

Mtu_wa_Molo: Alinishusha Ahero kwenye mvua na kuku wangu wawili. Mmoja hajawika tena mpaka leo.

Mwenye uzi: Jameni, Musa bado yuko stoo.

Mwalimu_Mbale: Molo, huyo asiyewika unauza?