Watoto nyumbani siku nzima, friji sina, mshahara nusu: nipangeje chakula?

Mama Watatu, Umoja
Habari zenu wapendwa. Tangu shule zifungwe Machi mwaka huu wa 2020 kwa sababu ya korona, watoto wangu watatu wako nyumbani. Chakula cha mchana walikuwa wanakula shuleni. Sasa saa nne wanataka uji, saa saba wanataka chakula, na saa kumi wanauliza kuna nini tena. Baba yao analipwa nusu mshahara. Mahindi na maharagwe mama alikuwa akinitumia kwa basi kutoka Kitui, lakini tangu Nairobi ifungwe tarehe 6 Aprili mabasi hayaingii. Kwa hivyo nanunua kidogo kidogo kila siku: unga wa pakiti, sukuma, nyanya, mafuta ya kupima. Pesa inaisha, na kila jioni nakimbizana na kafyu ya saa moja. Natamani nitoke mara moja kwa wiki, maana msongamano wa sokoni unanitia hofu sana. Ninunue nini, na nikiweke vipi? Gesi ni ile ya kilo sita, makaa ninayo kidogo.

Jirani wa Kayole
Pole dadangu. Achana na unga wa pakiti. Nunua mahindi kwa gorogoro (lile kopo la kupimia), peleka posho, kwenye mashine ya kusaga, yasagwe. Unga wa aina hiyo unashibisha, na watoto hawatakuuliza chakula tena baada ya muda mfupi. Ongeza ndengu na kamande, zinaiva upesi, gesi haiumii. Maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha uyachemshe kwa makaa.

Shangazi Githurai
Huo ushauri wa mahindi ni mzuri, ila tuko kwa mvua, mwanangu. Uma punje kabla ya kulipa. Ikivunjika kwa mlio ni kavu. Meno yakizama, rudisha. Yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo usiyaguse hata ukipunguziwa bei, kwa sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haitoki kwa kupika. Mwaka wa 2004 iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na huko kwenu Kitui.

Brayo wa Pipeline
Chemsha githeri (mahindi na maharagwe) ya wiki nzima siku moja, umemaliza kazi.

Shangazi Githurai
Bila friji? Hapana. Chemsha ya leo na kesho, bila chumvi wala kitunguu, na uirudishe motoni ichemke kabisa asubuhi na jioni. Kaanga ile ya kuliwa wakati huo tu. Ikianza kutoa povu au harufu, mwaga.

Mama Mboga Donholm
Mimi nauza mboga, wacha nikwambie upande wetu. Zamani saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshafika Marikiti, soko la jumla. Siku hizi kafyu hainiruhusu kutoka kabla ya saa kumi na moja, kwa hivyo mzigo unafika kibandani saa tatu hivi. Ukija mapema utauziwa za jana. Usijisumbue kwenda Marikiti kwa ajili ya sukuma ya nyumba moja. Nauli itakula faida yote, na umati ule unaujua. Mwambie mama mboga wako leo akutengee za kesho, umtumie kwa M-Pesa. Kwa wakati huu wa korona, 2020, kutuma chini ya shilingi 1,000 hakuna ada tangu Machi.

Sukuma ichukue kabla haijakatwa. Usiioshe. Ifunge kwa kitambaa chenye unyevu uiweke sakafuni, penye kivuli. Terere na managu zipike siku hiyo hiyo. Kabeji ndiyo rafiki yako: usipitishe kisu katikati, bandua majani kutoka nje kulingana na chakula cha leo, iliyobaki haitageuka nyeusi.

Mama Watatu, Umoja
Asanteni sana. Na je, kuosha? Jirani anaosha nyanya kwa sabuni na jiki (dawa ya kung'arisha nguo).

Nesi Embakasi
Tafadhali msifanye hivyo, hasa kwa chakula cha watoto. Maji safi yanayotiririka yanatosha, na mikono ndiyo ioshwe kwa sabuni ukitoka sokoni na kabla ya kupika.

Utingo
Mama, kuhusu Kitui: lori za mizigo zinaingia. Mwambie mama yako aanike mahindi vizuri, ashone gunia, aandike jina lako na namba ya simu pande zote mbili. Akubaliane nauli na dereva mapema, na mzigo uupokee mchana ndipo upate mkokoteni wa kukufikisha nyumbani.