Tupeane uzoefu: imani ya watoto wetu inatufundisha nini sisi wazazi?

Mwanzisha mada (Masasi)
Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Marko 10:15 inatutaka sisi tuupokee ufalme wa Mungu kama mtoto mdogo, yaani mwalimu hapo ni yeye. Basi tuelezane tunachojifunza kwao na namna ya kukifanya nyumbani. Wekeni mambo yanayotendeka, mahubiri tutayasikia Jumapili.

Mlezi wa watoto (Ndanda)
Asante kwa mada. Kubwa kuliko yote: mtoto haombi kwa jumla. Mtu mzima husema "uwaponye wagonjwa wote", akamaliza. Mtoto anamtaja bibi wa nyumba ya pili na mguu wake wa kushoto, na kesho yake anauliza kama umepona. Sisi tukishasema amina hatufuatilii tena.

Fanyeni hivi. Salini kabla ya chakula cha usiku, maana wakishashiba wadogo wanasinzia. Aanze mdogo kabisa, asije akaiga maneno ya wakubwa. Kila mmoja aombe jambo moja, la mtu mmoja, kwa jina. Dakika 5 zinatosha. Mwe na daftari: kushoto andikeni ombi na tarehe, kulia pabaki wazi. Jumapili jioni mlisome na kujaza: limejibiwa, bado, au imekuwa vingine. Hilo la mwisho msilifiche. Mkiandika mazuri tu, mtoto atagundua na ataacha kuuliza.

Kinachoharibu ni kumsahihisha katikati ya sala. Akimwombea mbuzi wake, itikia amina. Kibaya zaidi ni kugeuza sala kuwa karipio: "Bwana, mbadilishe huyu mkaidi." Anajua anasemwa yeye, na siku nyingine mbele yako hatafungua moyo.

Baba wa Newala
Niongeze la mikorosho. Mtoto akiomba ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, usiharibu maua, muitikie, halafu alfajiri kapulize salfa, umande ukiwa haujakauka na upepo umetulia, ndipo unga wa dawa hiyo hushika vizuri. Yeye haoni ugomvi kati ya kuomba na kupuliza. Wakubwa ndio tunaochagua kimoja. (Kupuliza ni kazi ya mkubwa, mtoto akae mbali na vumbi la dawa.)

Msimu wa kuokota ukifika, apewe fungu lake, na sadaka aitoe humo. Sarafu unayompa mlangoni mwa kanisa bado ni sadaka yako.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Na kwenye msiba je? Maswali yao ni mazito.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili (Nachingwea)
Hapo wengi tunateleza. Tunasema "Mungu amemchukua babu kwa sababu anampenda", na mtoto analipima neno hilo: basi na mama atachukuliwa? Mwambie wazi kwamba babu aliugua, mwili ukashindwa, amekufa, nasi tunaamini Kristo atamfufua. Akiuliza zaidi ya unachojua, mjibu "sijui, tumwombe Mungu pamoja".

Someni pia 1 Samweli 3. Kuhani Eli hakutambua hadi mara ya tatu kwamba BWANA ndiye anayemwita mtoto Samweli. Asubuhi akamtaka Samweli asimfiche kitu, akapokea habari nzito juu ya nyumba yake bila kumkemea. Kwa hiyo mwanao akikuuliza, "Baba, mbona umesema mwenye duka aambiwe haupo?", usimwite mtovu wa adabu. Nenda dukani siku hiyohiyo mkaongee kuhusu deni, naye umchukue.

Mama wa Mikindani
Huku pwani majirani zetu wengi ni Waislamu. Mtoto akimtaja mmoja wao kwenye sala, asiambiwe huyo si wa kanisani kwetu. Kesho mtume akamjulie hali, na asiende mikono mitupu, hata muhogo unatosha. Ikiwa ni Ramadhani, apeleke kabla ya magharibi ili wapate cha kufuturu.